Nina AS, mbona nililazwa kwa malaria?

Swali limetoka kwa mwanafunzi wa kidato cha sita, mchepuo wa PCB (fizikia, kemia na biolojia), nyumbani kwao Muheza, mkoani Tanga. Nalifupisha. Mdogo wake ana selimundu, ugonjwa wa kurithi wa damu, yaani SS: amerithi nakala mbili za jeni yenye kosa, iitwayo S. Yeye mwenyewe amepimwa akakutwa AS, yaani ana S moja na moja ya kawaida, A, na baba na mama vilevile ni AS. Dada yao mkubwa haumwi chochote na hajapimwa. Anauliza mambo manne. Darasani wanafundishwa kuwa uteuzi asilia huondoa jeni zenye madhara, sasa hii mbona bado ipo, tena pwani ndiko ilikojaa? Vitabu vinasema mwenye AS ana kinga ya malaria, naye mwaka jana alilazwa kwa malaria; kinga gani hiyo, na je ni sawa na ya chanjo? Shangazi anasema watoto watatu wameshazaliwa na mmoja ni SS, basi zamu imepita, wa nne atakuwa mzima, ni kweli? Na la mwisho, kuna watu katika ukoo wanasema ugonjwa umetoka upande wa mama.

Marahaba, mwanangu. Naanza na hilo la mwisho, kwa sababu mengine yanaweza kusubiri mtihani, lakini mama yako anaishi na maneno hayo kila siku.

SS haitoki upande mmoja. Maelekezo ya kutengeneza mnyororo wa beta wa hemoglobini yamo katika kromosomu ya 11, na kila mmoja wetu anazo mbili za namba hiyo, moja ya baba na moja ya mama. Mtoto mwenye SS amepokea S katika yai la mama na S nyingine katika mbegu ya baba. Angepokea ya mama peke yake angekuwa AS kama wewe, na leo anacheza mpira. Majibu ya vipimo mnayo nyumbani, na ya baba yameandikwa AS. Wanaomsema mama waonyeshwe karatasi zote mbili kwa pamoja. Na wala baba naye asibebeshwe lawama, maana hakuna aliyechagua alichorithi kwa wazazi wake.

Sasa zamu ya shangazi. Yai na mbegu hutengenezwa kwa meiosisi, mgawanyiko unaopunguza kromosomu 46 za seli ya kawaida zikawa 23. Katika kupunguza huko aleli mbili za kila jeni, yaani matoleo yake kama A na S, huachana, kila gameti (yai au mbegu) ikabeba moja tu. Kwa wazazi wako ni kama kila mmoja anarusha sarafu yenye A upande huu na S upande wa pili, na mtoto ni matokeo ya sarafu mbili. Robo ya uwezekano ni AA, nusu ni AS, robo ni SS. Hesabu hiyo huanza upya katika kila mimba. Yai la mimba ya nne halina habari ya mimba ya tatu.

Tatizo liko katika ule mraba wa Punnett, mchoro wa kuonyesha uwezekano wa watoto, tunaouchora ubaoni. Una vyumba vinne, na mtu akiutazama haraka anadhani ni watoto wanne wa nyumba moja, kila mmoja na chumba chake. Fanya hesabu yenyewe uone. Chukua nyumba nyingi ambazo wazazi wote ni AS na kila nyumba ina watoto wanne. Uwezekano wa kukosa kabisa mtoto wa SS ni robo tatu ikizidishwa yenyewe mara nne, yaani 81 juu ya 256, kama asilimia 32. Nyumba zenye mmoja tu ni kama asilimia 42. Zinazobaki, karibu asilimia 26, zina wawili au zaidi. Zaidi ya nyumba moja katika kila nne, kwa hiyo, ingeumizwa na ushauri wa zamu imepita. Mwambie shangazi kwa adabu, lakini mwambie.

Dada yako ni swali zuri la mtihani kuliko anavyojua. Ukiulizwa uwezekano wa yeye kuwa AS, usijibu nusu. Nusu ni kwa mtoto ambaye hujui lolote juu yake. Huyu unajua kitu: ni mtu mzima na hana ugonjwa, kwa hiyo SS imetoka kwenye orodha. Zimebaki nafasi tatu, moja ya AA na mbili za AS. Jibu ni theluthi mbili. Nitarudi kwake mwishoni.

Twende kwenye kosa lenyewe, ni dogo mno. Katika vinasaba vya jeni ya beta kuna kodoni, yaani kundi la herufi tatu, inayosomeka GAG. Kwenye aleli ya S herufi ya kati imebadilika, ikasomeka GTG. Asidi amino ya sita katika mnyororo wenye asidi amino 146, badala ya kuwa ya glutamiki, inakuwa valini. Linus Pauling na wenzake walionyesha mwaka 1949 kwamba hemoglobini ya wagonjwa hawa ni tofauti na ya watu wengine, ikawa mara ya kwanza ugonjwa kufuatiliwa hadi kwenye molekuli yenyewe. Miaka michache baadaye Vernon Ingram akaonyesha kwamba tofauti yote ni asidi amino hiyo moja. Valini haipendi maji. Hemoglobini ikishatoa oksijeni, sehemu hiyo hujishika na molekuli jirani, jirani na jirani yake, mpaka zinakuwa nyuzi ndefu ngumu ndani ya seli. Seli inapinda umbo la mundu, inakwama kwenye mishipa midogo, na nyama iliyo mbele yake inakosa damu. Hayo ndiyo maumivu ya mdogo wako. Seli nyekundu ya kawaida huishi siku 120 hivi, yake huishi kati ya 10 na 20 tu, na ndiyo sababu damu yake huwa pungufu siku zote na macho yakawa na umanjano.

Hapa nakuomba usimame kidogo, kwa sababu wanafunzi wengi hupita mbio. Je, S ni aleli tawala au ni ya kufichwa? Tazama ugonjwa: AS haumwi, kwa hiyo S imefichwa na A. Tazama hemoglobini yenyewe: katika damu yako kuna A kama asilimia 60 na S kama 40, zote zimetengenezwa, hakuna iliyoifunika nyingine, kwa hiyo zinatawala kwa pamoja. Tazama tena kinga dhidi ya malaria kali: aleli moja tu ya S inatosha kuileta, kwa hiyo hapo S ndiyo inatawala. Aleli ni ileile, majibu ni matatu. Utawala si tabia ya jeni. Ni uhusiano wa aleli mbili katika sifa fulani unayoiangalia. Ukiandika hivyo kwenye karatasi ya mtihani, mtahini atajua umeelewa.

Jambo jingine ambalo huenda mama analikumbuka vizuri: mdogo wako hakuzaliwa mgonjwa. Mtoto akiwa tumboni hutumia hemoglobini ya kichanga, ambayo badala ya mnyororo wa beta ina mnyororo wa gama unaotoka kwenye jeni nyingine. Kosa la S halimo humo. Baada ya kuzaliwa jeni ya gama hupungua kasi na ya beta hushika kazi, na kufikia mwezi wa tano au wa sita S inakuwa imejaa. Ndipo vidole na nyayo huvimba, mtoto hulia bila sababu inayoonekana, na watu huanza kuuliza ni nani amemtazama vibaya. Hakuna aliyemtazama. Ni ratiba ya jeni mbili, moja inafunga na nyingine inafungua.

Na angalia kinachotokea katika miezi hiyohiyo upande wa kinga. Mama aliyekulia Muheza ameumwa na mbu maisha yake yote, kwa hiyo damu yake ina kingamwili nyingi dhidi ya vimelea vya malaria. Zile za aina ya IgG hupita kwenye kondo la nyuma zikaingia kwa mtoto, zikamsaidia miezi ya mwanzo, kisha zikaisha. Kwa hiyo mtoto wa SS anapofika nusu mwaka hupoteza hemoglobini yake salama na kingamwili za mama karibu kwa wakati mmoja. Sijui kipindi kingine cha utoto chenye hatari iliyopangana hivyo.

Haya, kwa nini jeni hii bado ipo? Mwalimu wako hakukosea kuhusu uteuzi asilia. Kilichobaki ni kuuliza madhara kwa nani, na wapi. Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alipima damu za watu wa Afrika Mashariki kuanzia 1949 akakuta jambo lililomshangaza: pwani na kandokando ya Ziwa Victoria wenye S walikuwa wengi, hata mtu mmoja katika watano mahali fulani, na katika nyanda za juu zenye baridi walikuwa wachache sana. Kabila wala lugha havikueleza tofauti hiyo. Malaria ilieleza. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi kwamba AS hulindwa dhidi ya malaria. Wewe unaweza kuiona ramani hiyo bila kutoka mkoani. Muheza ni tambarare ya joto, mbu wa anofelesi wanazaliana mwaka mzima. Panda hadi Lushoto, mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, baridi inachelewesha kukua kwa kimelea ndani ya mbu, na malaria inapungua sana.

Nataka uione hesabu yake, kwa sababu maneno "faida ya heterozigoti", yaani faida ya mwenye aleli mbili tofauti kama AS, hukaririwa bila mtu kuhisi uzito wake. Chukua mfano wa watoto 1,000 katika eneo ambalo aleli ya S ni sehemu ya kumi ya aleli zote. Kwa kanuni ya Hardy na Weinberg, inayokadiria aina za watoto kutokana na wingi wa aleli, watoto 810 ni AA, 180 ni AS na 10 ni SS. Tuseme, kama ilivyokuwa zamani bila hospitali, wale 10 wa SS wote wanafariki kabla ya kupata watoto. S imepoteza nakala 20. Ingekuwa hayo tu, kizazi kinachofuata kingekuwa na S pungufu, na kinachofuata pungufu zaidi. Ili S ibaki palepale kwenye sehemu ya kumi, ni lazima A nayo ipoteze. Kiasi gani? Ondoa watoto 90 kati ya wale 810 wa AA. Wanabaki 720 wa AA na 180 wa AS, jumla aleli 1,800, na S ni 180. Sehemu ya kumi kamili.

Rudia kusoma tarakimu hizo. Watoto 90 wamekufa kwa malaria na 10 kwa selimundu, na kwa gharama hiyo jeni imesimama mahali pake kizazi hadi kizazi. Mfano ni wa kubuni, lakini mantiki yake ndiyo iliyotokea katika pwani hii, vizazi kwa vizazi. Hatuna aleli ya S kwa sababu ya laana au damu mbaya. Tunayo kwa sababu sisi tuliopo ni wajukuu wa watoto waliopona. Hali hiyohiyo ilitokea Uarabuni, India na sehemu za Ugiriki, kote ambako malaria ilikuwa kali, kwa hiyo usikubali pia kauli kwamba huu ni ugonjwa wa Waafrika.

Angalizo moja la mtihani: usiandike kwamba malaria ilisababisha mabadiliko ya jeni. Badiliko la GAG kuwa GTG lilitokea kwa bahati, bila kujua kuna malaria. Malaria ilichofanya ni kuwaacha hai wengi wa wale waliokuwa nalo moja.

Sasa kulazwa kwako. Kinga ya AS haizuii mbu kukuuma, haizuii kimelea kuingia ini, na haizuii sana kimelea kuingia kwenye seli nyekundu. Kinachozuiwa ni kimelea kustawi humo mpaka kikakupeleka kwenye degedege, kupoteza fahamu au upungufu wa damu wa kuua. Tafiti za miaka mingi za watoto wa Kilifi, pwani hii hii ng'ambo ya mpaka, Kenya, zilionyesha kwamba AS hupunguza malaria kali kwa karibu asilimia 90, lakini malaria ya kawaida, ile ya homa na kichwa, huipunguza kwa kama nusu tu. Nusu iliyobaki inatosha kabisa kumlaza mwanafunzi wa kidato cha tano. Huenda ungekuwa AA ungeumwa zaidi. Kwa mtu mmoja hilo halipimiki, linaonekana kwa maelfu.

Inafanyaje kazi? Njia ni zaidi ya moja. Plasmodium falciparum, kimelea cha malaria kali, inapokua ndani ya seli ya AS hutumia oksijeni na kuongeza asidi, na seli hiyo hupinda upesi kuliko jirani zake zisizo na kimelea. Bandama, ambayo kazi yake ni kuchuja seli zilizoharibika, huikamata na kuiteketeza pamoja na mgeni wake. Njia ya pili ni ya kuvutia zaidi kwangu. Kimelea hiki hupeleka juu ya seli nyekundu protini ya kunata, ili seli ijishikize kwenye ukuta wa mshipa isifike kwenye bandama. Kunata huko kwenye mishipa ya ubongo ndiko kunakoleta malaria ya kichwani. Katika seli ya AS protini hiyo hupangwa vibaya na kwa uchache, seli hainati vizuri. Na vilevile pasipo na oksijeni ya kutosha kimelea hudumaa katikati ya mzunguko wake wa saa 48.

Unaona kwamba katika maelezo yote hayo sikutaja limfosaiti, zile seli nyeupe za kinga, hata mara moja. Hapo ndipo tofauti na chanjo inapoanza. Ulinzi wa AS ulizaliwa nao, haukufundishwa na ugonjwa wowote, hauna kumbukumbu, na hausahau. Ukihamia Lushoto miaka ishirini ukarudi Muheza, utaukuta ulivyouacha.

Kinga ya kujengwa ni kitu kingine. Limfosaiti B na T hukutana na antijeni ya kimelea, yaani alama inayokitambulisha, chache zinazoitambua huzaliana, B hutoa kingamwili, na nyingine hubaki kama seli za kumbukumbu. Kwa surua mfumo huu hufanya maajabu: ukiugua mara moja umemaliza. Kwa malaria hufanya kazi polepole na kwa taabu, kwa sababu ile protini ya kunata ina jeni kama 60 tofauti ndani ya kila kimelea, nacho hubadili anayoivaa. Mwili ukijifunza hii, kinavaa ile. Mtoto wa tambarare hujenga kinga yake kwa kuumwa tena na tena miaka mingi, na mtu mzima akiondoka eneo la malaria kwa muda mrefu, sehemu yake hupotea. Wanaokwenda kusoma nyanda za baridi wakirudi likizo pwani wakaugua vibaya wanaifahamu hali hii kwa vitendo.

Chanjo inafundisha mfumo huohuo, lakini kwa shabaha nyingine. Chanjo ya RTS,S, na R21 iliyokuja baadaye, zote mbili hulenga protini iliyo juu ya kimelea kile cha kwanza anachokitema mbu, kabla hakijafika ini, na muda wa kukikamata ni mfupi sana. Hapa mkoa wetu una haki ya kujivunia. Majaribio makubwa ya RTS,S yalifanyika katika vituo 11 vya nchi saba za Afrika kuanzia 2009, na Tanzania ilikuwa na vituo viwili: Korogwe, hapa mkoani kwetu, na Bagamoyo. Watoto zaidi ya 15,000 walishiriki. Waliopata dozi nne, walioanza wakiwa na miezi 5 hadi 17, walipungukiwa na malaria kwa kama asilimia 36 katika miaka minne. Shirika la Afya Duniani liliipitisha Oktoba 2021, na R21, ambayo Bagamoyo pia ilishiriki kuijaribu, ikafuata Oktoba 2023. Hizi ni kinga zinazohitaji kuchochewa tena kwa dozi ya nyongeza, kwa sababu kingamwili hushuka.

Kwa hiyo ukiulizwa kutofautisha: AS hufanya kazi kwenye damu, chanjo kabla ya ini. AS hurithishwa kwa gameti, kinga ya chanjo hairithishwi. Mama anaweza kumpa mtoto kingamwili kupitia kondo, lakini hizo ni protini tu, zitaisha kwa miezi. Seli za kumbukumbu na ujuzi wake haviingii kwenye yai. Hata hivyo kinga hizi mbili hazitengani kabisa. Kulekule Kilifi watafiti waliona ulinzi wa AS ukiongezeka kadiri mtoto anavyokua katika miaka yake ya kwanza, jambo linaloashiria kwamba seli za AS huenda humsaidia mwili kujifunza kimelea mapema. Jeni na limfosaiti huzungumza.

Nakuomba sasa unisikilize kuhusu mdogo wako, maana hapa kutoelewa kitabu kunaua. Watu husikia "S hulinda na malaria" wakadhani mwenye S mbili amelindwa mara mbili. Sivyo. Profesa Julie Makani na wenzake wa Muhimbili, walioanza kufuatilia wagonjwa wa selimundu kwa mpango tangu 2004, walikuta kwamba wagonjwa wanaohudhuria kliniki huonekana na vimelea mara chache, lakini waliolazwa wakiwa na malaria walikuwa na upungufu mkubwa wa damu na hatari kubwa ya kufa. Damu yake ni pungufu tayari. Malaria ikipasua seli chache zilizobaki hana akiba. Alale ndani ya chandarua chenye dawa kila usiku, na homa yake isisubiri asubuhi.

Kuna sababu ya pili ya kuharakisha homa. Ile bandama niliyoisifu, kwa mtoto wa SS huzibwa na seli zake zenyewe ikafa pole pole tangu utotoni. Bila bandama mwili hauwezi kusafisha vizuri bakteria wenye ganda, hasa pneumokokasi, na mtoto anaweza kuondoka kwa siku moja. Ndiyo maana watoto wa SS hupewa penisilini ya kumeza mara mbili kwa siku hadi miaka mitano, na chanjo ya nimonia iliyomo katika ratiba ya taifa kwao ni ya lazima zaidi kuliko kwa mtoto mwingine yeyote. Muulizeni daktari pia kuhusu haidroksiyurea. Dawa hii huamsha tena ile jeni ya gama, hemoglobini ya kichanga ikapanda, na vipindi vya maumivu vikapungua. Inahitaji kufuatiliwa kwa vipimo vya damu, si ya kununua dukani na kujipimia. Nchi yetu inatajwa kati ya zile zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na ugonjwa huu kila mwaka, makadirio yakiwa ni maelfu, kwa hiyo mdogo wako si kioja, na mhudumu anayemtazama kama kioja abadilishwe.

Je, S itatoweka malaria ikiisha? Kwa mfano wetu, hata tukichukulia kwamba hakuna SS anayeishi kuzaa, aleli ingehitaji vizazi kumi kushuka kutoka sehemu ya kumi hadi ya ishirini. Hiyo ni miaka 250 hivi. Nasi hatutaki SS wasiishi. Tunataka waishi, wasome, waoe na waolewe. Jeni itakuwa nasi, na mimi sioni aibu yoyote katika hilo.

Namalizia na dada yako na wewe. Mwambie apime kabla hajaolewa, si baada ya mimba. Kipimo kile cha kuchanganya tone la damu na kemikali na kutazama seli zikipinda kinasema S ipo au haipo. Hakiwezi kutenganisha AS na SS, na msiridhike nacho. Ombeni elektroforesisi ya hemoglobini, kipimo cha maabara kinachotenganisha A na S, au kipimo cha haraka kinachoonyesha A na S kwa mistari tofauti. Mtu aliyeongezewa damu karibuni asubiri miezi mitatu hivi, la sivyo mtapima damu ya aliyemchangia. Kama kipimo hakipo Muheza, waombeni rufaa ya hospitali ya mkoa, Bombo, waseme wao kinapatikana wapi. Na akipata mchumba, naye apime hivyohivyo: AS kwa AA hawapati mtoto wa SS kamwe, AS kwa AS wanabeba ile robo katika kila mimba. Uamuzi baada ya hapo ni wao wawili, si wa shangazi.